Mama Mkwe na Ubao wa Magurudumu

Jumanne, 4 Aprili

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa vifua na viuno vya watu. Nimeligeuza na kuanza nyuma, kwa kuwa nina maneno na sina wa kumwambia. Baba Njiti yuko safarini na lori lake. Mama yake yuko chumba cha nyuma, ananichukia.

Mvua imeanza leo, na haikubisha hodi.

Mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi kabla ya msimu huu. Mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta, anatembelea fimbo ya miguu minne, na maneno yanamtoka yakiwa yamevaliana viatu. Asubuhi aliomba "mlango". Nikamfungulia mlango. Akasema "mlango!" kwa hasira, nikaufunga. Kumbe alikuwa anataka maji.

Alikuwa mwalimu mkuu. Tangu niolewe amekuwa akinisahihisha: chumvi, sarufi, hata namna ninavyokunja shuka. Sasa hawezi. Mungu anisamehe, kuna wakati naufurahia ukimya huo.

Alhamisi, 6 Aprili

Daktari wa viungo alikuja na mpira mdogo wa kuminya. "Mama, huu mkono ukikaa bure utasahau kazi yake," alimwambia. "Minya, achia. Minya, achia."

Mama aliungoja mlango ufungwe nyuma ya daktari, akauchukua mpira kwa mkono wa kushoto na kuurusha. Ukapita sebuleni, ukaingia chini ya kabati langu la vitambaa.

Ijumaa, 7 Aprili

Mvua. Mpira bado uko chini ya kabati. Sijauinamia.

Jumapili, 9 Aprili

Nyuma ya nyumba yetu kilima kilikatwa ili kupata kiwanja, na udongo uliobaki juu umezuiwa na ukuta wa mawe. Ukuta huo uko karibu sana na dirisha la chumba cha Mama. Ukinyoosha mkono unaugusa. Leo nikianika matambara pale nyuma nimeona ufa. Ni mwembamba kama uzi, umeanzia juu na kuishia usawa wa bega langu.

Nilichukua chaki yangu ya kushonea, nikaweka alama pale unapoishia. Halafu nikampigia mwenye nyumba.

"Fundi, ukuta ule alijenga marehemu baba yangu," akasema, kana kwamba marehemu amesimama pale anaushikilia.

Jumanne, 11 Aprili

Leo kimetokea kituko.

Nilikuwa sebuleni nakata kola. Nina sare za shule nzima za kumaliza, na cherehani, meza na marobota ya vitambaa vimejaa mpaka tunapita ubavu. Mara nikasikia sauti kutoka chumba cha nyuma: "Simama! Simama wima, mtoto wewe!"

Sentensi nzima, na kila neno mahali pake. Niliangusha mkasi nikakimbia.

Mama alikuwa ameketi kitandani na kigemu cha Njiti mapajani. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu, mwembamba kama njiti ya kiberiti, ndipo jina lilipotoka, na kigemu hicho alipewa na baba yake mdogo. Ni cha kushika kwa mikono miwili, kina kioo katikati na vitufe huku na huku. Mchezo wenyewe ni wa skeitibodi: msichana mwenye kofia nyekundu ya kujikinga anateleza juu ya ubao wa magurudumu katika mji wa saruji mtupu, anapita kwenye ngazi, vibaraza na reli za chuma. Anatakiwa aruke, ageuze ubao hewani, atue bila kuanguka.

Msichana alikuwa chini, amelala kifudifudi, ubao unabingirika peke yake. Halafu akainuka mwenyewe, kama wanavyoinuka watu wa kwenye gemu, akaanza upya. Mama akamsukuma mbele kwa kidole gumba cha kushoto. Akagonga ngazi. Akaanguka.

Mama akacheka. Nusu ya mdomo ilipanda na nusu ikabaki, lakini ilikuwa kicheko. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka tangu niingie ukoo huu.

Alhamisi, 13 Aprili

Njiti amemwelekeza. "Bibi, kushoto unamwendesha. Kulia ndiyo unamrusha. Bonyeza hiki."

Kitufe cha kuruka kiko upande wa kulia, pale pale kidole kilicholala kilipo. Kwa hiyo msichana wa Mama haruki. Anakwenda kwa kasi mpaka kwenye ngazi, anavunjika, anainuka. Anakwenda, anavunjika, anainuka. Asubuhi nzima nasikia mlio wa kuanguka kwake kupitia ukutani huku nashona, na kila akianguka sindano yangu inasita.

Ijumaa, 14 Aprili

Mvua haikukatika hata kidogo. Ufa umeanza kuipita alama ya chaki.

Jumapili, 16 Aprili

Wifi amepiga simu. Ni dada yake Baba Njiti, karani wa mahakama, anakaa mji mwingine. Akaomba azungumze na mama yake akimwona, nikaishika simu mbele ya uso wa Mama. Mama hakuinua macho. Alikuwa kwenye ngazi.

"Wifi, Mama anashika nini?"

Nikamwambia.

Wifi akapandisha sauti: "Mama yangu aliyeendesha shule nzima, leo mnamtuliza kwa mdoli? Au ndiyo ili wewe ushone kwa raha?"

"Wifi, daktari wa viungo alisema vidole vyake..."

"Barabara zikikauka nakuja kumchukua. Nishaamua."

Nilikata simu kwa hasira. Halafu nikajiuliza hasira ya nini. Si nilikuwa naomba achukuliwe?

Jumanne, 18 Aprili

Karuka!

Nilikuwa nampelekea uji. Nikaona kidole gumba cha kulia kinajikunja polepole kama konokono anayetoa pembe, kikagusa kitufe, na kwenye kioo yule msichana akainuka hewani, juu ya ngazi zote, akatua chini akiwa wima. Mama aliganda. Mimi niliganda na bakuli. Tukatazamana, na kwa muda mfupi hakuna aliyekumbuka kwamba hatupendani.

Kisha akagonga ukuta wa mbele, akaanguka.

"Mjinga," akamwambia msichana, kwa mapenzi.

Jumatano, 19 Aprili

Leo nimesahihishwa. Mama alikuja mwenyewe sebuleni na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha wateja kunitazama. Nilishona kola tatu. Akanyoosha kidole cha kushoto: "Pindu... pinduka." Nikadhani ni neno jingine lililopotea njia. Nikaangalia. Nilikuwa nimezishona ndani nje, zote.

Nilizifumua huku naimba. Baba Njiti angeona angedhani nimechanganyikiwa.

Jumamosi, 22 Aprili

Ufa umepita alama yangu kwa urefu wa kiganja, na umepanuka. Juzi ukucha ulikuwa hauingii. Leo kidole cha shahada kimeingia mpaka kiungo cha kwanza, na ndani kuna baridi na unyevu. Nimeweka alama nyingine.

Mwenye nyumba amekuja na mwavuli. Akaupigapiga ukuta kama anavyopigwa ng'ombe mnadani. "Umetulia," akasema. "Mvua ikiisha nitaleta mafundi."

"Na isipoisha?"

"Fundi, uliona wapi mvua isiyoisha?"

Jumatatu, 24 Aprili

Shule zimefungwa kwa ajili ya mafuriko. Njiti yuko nyumbani mchana kutwa, na kigemu ni kimoja.

Vita vimeanza kabla ya chai. Mama kakishika huku, Njiti kakishika kule, wote wawili kimya, wamekaza meno. Ukiwaona utajua wametoka tumbo moja, kasoro miaka tu.

"Mama, mwambie Bibi! Ni changu!"

"Bibi yako ni mgonjwa."

"Si mgonjwa! Amenishinda pointi jana!"

Nikaamua: asubuhi ni ya Bibi mpaka nitakapoinjika chakula cha mchana. Baada ya hapo ni ya Njiti. Umeme ukikatika, aliyekuwa na zamu ndiye aliyepoteza. Mama alitikisa kichwa kukubali kwa heshima zote, kama anayeidhinisha ratiba ya shule.

Alhamisi, 27 Aprili

Baba Njiti amepiga simu. Daraja limechukuliwa na maji, malori yamepangana barabarani hayaendi mbele wala nyuma. Sauti yake ilikuwa inakatika.

Nikamweleza ukuta. Nikasikia anapumua.

"Mhamishe Mama chumba kile."

"Nimpeleke wapi? Sebule imejaa sare, na chumba chetu hakina hata pa kutandika mkeka."

"Wewe mhamishe tu, Mama Njiti. Nakuomba..." Simu ikakata.

Jumapili, 30 Aprili

Nimepima sebule kwa futi yangu ya kushonea, kitanda cha Mama kinaingia iwapo nitaondoa meza ya kukatia. Nikiondoa meza, sare hazimaliziki, na shule inazitaka Ijumaa wanafunzi warudi wakizikuta.

Wifi naye kapiga. Sijui nani kamwambia. "Mama yangu alazwe sebuleni, wateja wakimpita na viatu vya matope? Asiguswe. Nikija nitampanga mwenyewe."

Nilimwendea Mama, nikamwambia taratibu kwamba nataka tuhame chumba. Alitazama kitanda chake, meza yake ya vitabu, picha ya mumewe ukutani. Akasema "Hapana." Lile neno halijawahi kumpotea hata siku moja.

Nikapumua. Ndiyo, niandike ukweli: nilifarijika. Nikarudi kwenye meza yangu ya kukatia.

Jumatatu, 1 Mei

Mvua, cherehani, mlio wa kuanguka.

Jumanne, 2 Mei

Mvua. Mama ameteleza juu ya reli ndefu mpaka mwisho. Kamwita Njiti aje kuona, na kamwita kwa jina lake halisi, la ubatizo, bila kulikosea. Njiti kakasirika kwa sababu yeye reli hiyo bado inamshinda.

Jumatano, 3 Mei

Ufa sasa unameza kiganja changu kikiwa kimesimama. Alama zangu zote za chaki zimesafishwa na maji. Kuna maji ya rangi ya kahawa yanatoka kwenye viungo vya mawe ambako zamani palikuwa pakavu.

Nimeamua. Ijumaa napeleka sare shuleni, Jumamosi asubuhi nitamwomba kinyozi wa ng'ambo ya barabara anisaidie, tunahamisha kitanda, Mama atake asitake. Wifi akija atanipeleka mahakamani kwake.

Alhamisi, 4 Mei

Nimeshona tangu kulipopambazuka. Mgongo si wangu tena. Leo mvua imepungua, imekuwa manyunyu. Karibu niamini kwamba marehemu baba yake mwenye nyumba anaushikilia kweli.

Ijumaa, 5 Mei

Mikono yangu imefungwa bandeji lakini naandika. Nisipoandika nitaendelea kuliona lile shimo.

Asubuhi nilifunga sare kwenye nailoni. Mama nilimwacha sebuleni kwenye kiti cha wateja, fimbo yake pembeni. Njiti alikuwa bado kitandani kwetu, au nilidhani hivyo. Nikasema, "Narudi sasa hivi." Kulikuwa na manyunyu tu.

Shuleni mtunza stoo alizipokea, akataka kuzihesabu moja moja. Nikamwambia hesabu utahesabu wewe, nikageuka. Nilikuwa njiani, nimefika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndipo niliposikia mngurumo. Nikatazama juu nikidhani ni radi. Watu wengine nao walitazama juu. Lakini mngurumo ulitoka chini, kwenye miguu.

Kisha mwanamke mmoja nisiyemjua akaja mbio kutoka mtaani kwetu, kanga imemtoka kichwani, anapiga kelele: "Ukuta umeshuka! Ukuta umeiangukia nyumba ya yule fundi cherehani!"

Hakujua kwamba anamwambia fundi cherehani.

Sikumbuki viatu viliniacha wapi. Nakumbuka matope yakinishika vifundo kama mikono ya watu, na mimi nikiyapiga mateke. Nakumbuka nikisema kwa sauti, "Nilisema Jumamosi, nilisema Jumamosi," kana kwamba kuna mtu ananibishia.

Mbele nyumba ilikuwa vile vile. Baraza ipo, mlango upo. Hilo ndilo lililonivunja, nikaingia nikiwa na matumaini. Sebule ilikuwa na vumbi. Kiti cha wateja kilikuwa kitupu. Fimbo ya miguu minne ilikuwa imesimama pale pale pembeni yake, na hapo ndipo akili ilipokatika, maana Mama hatembei bila fimbo. Kama fimbo ipo hapa na yeye hayupo, basi amebebwa au amezikwa.

Chumba cha nyuma hakikuwepo. Palikuwa na kilima. Mawe, udongo mwekundu, mabati yaliyokunjwa kama karatasi, na mguu wa chuma wa kitanda umechomoza juu.

Nilianza kuchimba kwa mikono. Nilimwita Njiti. Nilimwita Mama. Nilichimba na kuita, udongo ukawa unashuka mwingine kila ninapotoa, kucha zikang'oka sikuzisikia. Watu walinivuta nikawang'ata. Mtu mmoja akanishika mashavu kwa mikono miwili akanigeuza uso kwa nguvu. Alikuwa kinyozi.

"Fundi! Nakuita muda wote! Wako kwangu! Wote wawili wako kwangu!"

Sikumwelewa. Aliniburuta kuvuka barabara.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha kunyolea, kile kinachozunguka, na taulo la wateja mabegani, matope mpaka magotini. Njiti alikuwa sakafuni amekumbatia mguu wake, yule mguu unaoburuta. Na kwenye mkono wa kulia wa Mama, mkono uliolala, kilikuwapo kigemu. Vidole vimekishika vyote vitano. Kinyozi alisema walijaribu kukitoa ili anywe maji, wakashindwa.

Nilianguka pale sakafuni nikawashika wote wawili. Njiti alilia mpaka akapata kwikwi, ndipo akanisimulia.

Alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha Bibi, kajilaza na hedfoni masikioni, anacheza. Hakusikia kitu. Ghafla kigemu kikanyakuliwa. Akainua macho, Bibi amesimama juu yake, bila fimbo, bila kushika ukuta, uso umekaza. Bibi hakusema neno. Akageuka akaondoka nacho.

"Nikamfuata, Mama. Nikamwambia Bibi nirudishie, Bibi si haki, nirudishie. Akaendelea kwenda tu. Akapita sebuleni, akatoka nje barazani. Nikamshika gauni. Halafu nyumba ikapiga kelele. Upepo ukatusukuma kwa nyuma. Bibi aliniokoa. Hakuweza kuita, hakuweza kunivuta, ndiyo akanichukulia gemu ili nimfuate."

Watu waliojaa kwa kinyozi wakatoa sauti moja, kama kanisani. Mzee mmoja akavua kofia.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama mvua.

Jumamosi, 6 Mei

Ndiyo leo tungehamisha kitanda.

Jumanne, 9 Mei

Tunalala chumba cha nyuma cha kinyozi, kwenye harufu ya poda na spiriti. Ametundika pazia. Hataki hata kusikia shukrani zangu.

Mwenye nyumba alikuja akasimama mlangoni, mwavuli chini ya kwapa. Alitaka kusema jambo kuhusu baba yake. Midomo ikatikisika, akakaa kwenye benchi la wateja akalia kama mtoto. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, niliyatunza siku zote hizi. Yakanitoka kichwani. Nikampa taulo.

Ijumaa, 12 Mei

Kila siku wanakuja watu kumwona Mama. Majirani, walimu aliowafundisha kazi, hata waliokuwa wanafunzi wake na sasa wana mvi. Njiti anasimulia, kila mara kwa kuongeza chumvi kidogo. Jana Bibi alisikia jiwe la kwanza likidondoka. Leo Bibi aliota. Mama anakaa kwenye kiti cha kunyolea kama malkia, anatikisa kichwa. Ananitazama mara kwa mara, halafu anatazama pembeni.

Mimi usingizi haunijii. Nikimsaidia kuvaa, nikishika ule mkono, nawaza: huyu nilikuwa nangoja achukuliwe.

Jumamosi, 13 Mei

Baba Njiti amefika, kwa miguu, ndevu zimemjaa. Alisimama mbele ya kile kilima mahali palipokuwa na chumba cha mama yake. Kisha akaniambia, "Nilikuambia umhamishe." Nikasema, "Ndiyo, uliniambia." Akakaa chini kwenye matope, akanivuta nami nikakaa.

Jumatano, 17 Mei

Tumepata nyumba karibu na kiwanda cha mbao, mahali tambarare kabisa. Ukitazama nje ya madirisha yote huoni kilima popote. Cherehani imepona. Mvua zimebaki za kukojoa na kukimbia.

Jumamosi, 20 Mei

Barabara zimekauka na wifi amekuja.

Aliingia na begi tupu la kumfungia Mama nguo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atasema nini, na nilijua nina sehemu ya makosa, kwa hiyo nilisimama katikati ya sebule mikono imeshikana kama mshtakiwa. Kumbe Njiti alikwishamdaka getini. Wifi alipofika kwangu macho yalikuwa mekundu tayari.

"Ni kweli Mama alitembea bila fimbo?"

"Ni kweli, wifi."

"Na ule mkono?"

"Uangalie mwenyewe."

Mama alikuwa dirishani, kwenye mwanga. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinakwenda juu na chini bila yeye kukitazama. Msichana wa kofia nyekundu aliruka ngazi, akashika reli, akateleza, akageuza ubao hewani, akatua. Wifi alisimama nyuma ya kiti, mkono mdomoni.

Baada ya chakula Baba Njiti alisimama akatoa hotuba. Alisema mama yao aliwapa uhai wao na sasa amempa mjukuu wake uhai mara ya pili. Wifi akalia, mimi nikalia. Kisha wifi akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, nilikuja kukuchukua. Nyumba yangu kubwa, ipo kimya, utapumzika. Unataka twende?"

Mama alilitafuta neno. Tulingoja. Nilikuwa nimeukaza upindo wa gauni langu mpaka uzi ukakatika.

"Kimya," akasema hatimaye, akikunja uso kama aliyeonja dawa. "Sitaki kimya. Hapa."

Begi la wifi limelala tupu kwenye kona.

Jumapili, 21 Mei

Jua toka asubuhi. Wifi anaondoka leo jioni.

Nilikuwa namwogesha Mama, sisi wawili tu, mlango umefungwa. Nilikuwa namsugua mgongo, na kwa sababu simwoni uso nikapata ujasiri wa kuuliza nilichokuwa nataka kuuliza tangu siku ile.

"Mama, ulijuaje kwamba ukuta unaanguka?"

Akaendelea kuchezea povu. Nikadhani hakusikia.

"Ukuta?"

"Ndiyo, Mama. Ulisikia jiwe? Ulihisi nini?"

Akageuka akanitazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye nyusi. Niliona anatafuta maneno, anayachagua, anayarudisha, kama mtu anayepekua kabati la nguo.

"Zamu," akasema. "Zamu yangu."

"Zamu gani?"

"Asubuhi. Asubuhi yangu. Yule mtoto..." Akapiga maji kwa kiganja. "Mwizi!"

Nikakaa kwenye ndoo.

"Mama. Hukusikia ukuta?"

Akatikisa kichwa kwamba hakusikia.

"Hukujua chochote?"

Akatikisa tena, taratibu, macho chini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Halafu ile nusu ya mdomo ikaanza kupanda.

Nilifikiria jinsi ilivyokuwa karibu: mtoto wangu yuko hai kwa sababu ya wivu wa kigemu, hakuna kingine, na kama bibi yake angekuwa mtu mpole siku ile ningekuwa nimemzika. Nikawa nataka kulia. Lakini nikamwona mwalimu mkuu, mgonjwa wa kiharusi, anainuka kwenye kiti bila fimbo kwa hasira ya kupokonywa zamu yake, anampita mjukuu wake puani bila salamu na kwenda barazani kucheza. Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. Na yeye akacheka. Tukashikana, mimi na nguo zangu, yeye na sabuni yake, tukacheka mpaka tukakosa pumzi, na kila mmoja akitaka kunyamaza mwenzake anasema "zamu" tunaanza upya.

Wifi akagonga mlango. "Jamani, kuna nini humo?"

Mama akaweka kidole mdomoni. Kidole cha mkono wa kulia.

Nikamjibu wifi kwamba maji yalikuwa ya baridi.